Kelele Zilizotangulia Picha: Shabiki wa Umoja na Usiku wa Liverpool 4, Barcelona 0

Kisa hiki ni cha shabiki mmoja wa Liverpool, mkazi wa Umoja Innercore jijini Nairobi, orofa ya nne, aliyeamua kubaki sebuleni kwake usiku ambao mtaa mzima ulishuka kutazama mpira nje. Ni mume wa dada yangu. Anauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, na usiku huo nilikuwa mgeni wao, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Mechi ilikuwa ya Jumanne tarehe 7 Mei 2019, marudiano ya nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Liverpool walikuwa nyumbani kwao Anfield, wakiwa wameshafungwa na Barcelona mabao 3 kwa 0 katika mkondo wa kwanza. Walishinda 4 kwa 0 wakaingia fainali.

Hapa Nairobi watu wengi wanauita usiku ule muujiza hadi leo. Mimi jina hilo linanikera, kwa sababu linawanyima haki waliofanya kazi. Ushindi ule ulitengenezwa, kipande kwa kipande, na shemeji yangu aliuona ukitengenezwa. Aliuona vizuri kuliko vijana waliokuwa wamebanana kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, na sababu ya kuuona hivyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Tuanze na hali aliyokuwa nayo kabla ya mechi. Huko Camp Nou, uwanja wa Barcelona, tarehe 1 Mei, Suárez alifunga dakika ya 26 na Messi akaongeza mawili, dakika ya 75 na ya 82, la mwisho likiwa friikiki. Jumamosi iliyofuata Liverpool waliwafunga Newcastle 3 kwa 2, lakini Salah akatolewa kwa machela baada ya kugongwa kichwani. Firmino naye alikuwa majeruhi. Jumatatu usiku, Vincent Kompany akaachia kombora la mbali, Manchester City wakawapiga Leicester 1 kwa 0 na kurudi juu ya jedwali la ligi kwa pointi moja. Yaani ndani ya wiki moja shabiki wa Liverpool alikuwa ameliona kombe la Ulaya likimponyoka, na la ligi likianza kufuata njia hiyo hiyo.

Kirinyaga Road nako hakuna anayekuhurumia. Jumanne asubuhi mteja aliyefuata plagi alimpa pole kwanza, ndipo akauliza bei. Mashabiki wa Manchester United na Arsenal wa maduka ya jirani, ambao timu zao hazikuwa hata kwenye nusu fainali hiyo, walishinda kutwa wakimhesabia mabao ambayo Messi angeongeza. Jioni akaniambia, "Shemeji, leo siendi kibandani. Nikifungwa, nifungwe nyumbani kwangu."

Uamuzi huo ulitokana na uchungu, wala sioni haja ya kuupamba. Ila ndio uliobadilisha namna alivyoiona mechi.

Sebule yao ni ndogo. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili, na ukuta wa katikati ni mwembamba. Dada yangu alikuwa ametoa ruhusa ya mpira kwa sharti moja: sauti iwe chini. Kwa hiyo mtangazaji tulimsikia kwa shida. Tulichokisikia vizuri ni barabara. Chini ya ploti yao kuna kibanda cha kuonyeshea mpira, na mbele kidogo kuna baa, na usiku ule kote kulifurika.

Sasa angalia jambo hili. Kibandani wanatumia dishi. Shemeji ana king'amuzi cha antena. Picha ya dishi hushuka kutoka kwenye setilaiti moja kwa moja hadi kwa mtazamaji. Ya antena hupokelewa kwanza na kituo, ikapangwa upya, ndipo ikarushwa kutoka mnarani kwenda majumbani. Mzunguko huo wa pili hula sekunde chache. Wanaotazama kwa simu kupitia intaneti huchelewa zaidi. Basi kila bao la usiku ule lilitufikia mara mbili: kwanza masikioni, kisha machoni.

Watu wengi hulalamika kwamba kuchelewa huko kunaharibu utamu. Mimi nimekuja kuamini vingine. Mtu aliyeketi kibandani hajui kama bao litaingia, kwa hiyo macho yake yote yako golini. Mtu aliyekwisha kusikia kelele anajua kwamba bao lipo njiani. Swali linalombakia ni moja tu: linatoka wapi? Na swali hilo humfanya atazame vitu ambavyo mwenzake hana nafasi ya kuviona.

Mfano ni bao la kwanza, dakika ya 7. Kelele zilipanda wakati mpira kwenye skrini yetu ulikuwa bado hewani, bila hatari yoyote. Shemeji akainuka nusu. "Kuna kitu," akasema. Tukakaa tukikisubiri. Jordi Alba, beki wa Barcelona, akaupiga kichwa kuurudisha nyuma, mpira ukakosa nguvu. Mané wa Liverpool, aliyekuwa amekwisha kuanza kukimbia kabla Alba hajaugusa, akaunasa na kumpenyezea Henderson. Henderson akaingia kijisanduku na kupiga, kipa ter Stegen akautema, na Divock Origi akawa pale pale kuumalizia. Anayetazama marudio humwona Origi. Shemeji alimwona Mané, na akalirudia jina lake kabla ya jina la mfungaji. Alba alikosea, ndiyo, lakini kosa lile lilikuwa na mtu wa kulisubiri, na hiyo ndiyo maana ya kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake mwenyewe. Timu ya kocha Jürgen Klopp iliifanya kazi hiyo kila siku mazoezini.

Baada ya hapo hadi mapumziko hakukuwa na raha. Barcelona walifika golini mara kadhaa, na mara zote walimkuta kipa Alisson: Messi alipiga, Coutinho alipiga, na muda wa mapumziko ukikaribia Alba alibaki naye uso kwa uso. Kibandani, nilivyosikia baadaye, watu walikuwa wakilaumu kwamba Liverpool hawaongezi la pili. Sebuleni hesabu ilikuwa nyingine. Wakati ule sheria ya bao la ugenini ilikuwa bado inatumika: jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita (UEFA waliiondoa mwaka 2021). Bao moja tu la Barcelona lingewalazimu Liverpool kufunga matano. Kwa hiyo kila mpira aliouzuia Alisson katika kipindi kile ulikuwa na uzito sawa na bao la kufunga, na sijawahi kuona mtu akimshukuru kipa kwa sauti ya chini namna ile, mkono kifuani, kana kwamba kipa anamsikia.

Mapumziko yenyewe yalikwenda kwenye stima. Taa nyekundu ya kifaa cha mita ilikuwa imeanza kumeta, ishara kwamba yuniti zimekaribia kwisha. Shemeji akanunua tokeni kwa M-Pesa, ujumbe ukaja, nami nikamsomea tarakimu zile 20 nne nne huku yeye akizibonyeza. Mara ya kwanza alikosea, kifaa kikakataa. Mara ya pili kikakubali. Nalieleza hili kwa sababu lilitukosesha uchambuzi wote wa studio. Tuliporudi kwenye viti hatukujua kwamba Robertson ametoka baada ya kuumizwa katika purukushani na Suárez, wala kwamba Milner amesogezwa beki ya kushoto na Wijnaldum ameingia kiungo. Shemeji aliyagundua yote hayo mwenyewe, kwa kuhesabu watu. "Mbona Milner yuko huko?" Kisha akaona: "Ahaa. Gini ameingia."

Georginio Wijnaldum alianza benchi siku ile, na mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa amemkasirikia kocha kwa hilo. Huko Camp Nou alikuwa ameanzishwa mbele kabisa, mahali pa Firmino, pasipo pake. Anfield aliingia akitokea nyuma, na mabeki wa Barcelona hawakujua nani amchukue.

Dakika ya 54, kelele. Kwenye skrini Alexander-Arnold ndiyo kwanza amepoteza mpira upande wa kulia. Hebu fikiria: unasikia mtaa ukishangilia, na unachokiona ni mchezaji wako akinyang'anywa mpira. Shemeji akashika mkono wa kiti. Kijana yule hakusimama kulalamika. Alimfuata Alba, akaupora, akatia krosi ya chini, na Wijnaldum akatokea akikimbia, akapiga, mpira ukapita katikati ya mikono ya ter Stegen. Kama hatungejua kwamba bao linakuja, nina hakika tungelikumbuka kama shuti la Wijnaldum na udhaifu wa kipa. Kwa kuwa tulijua, tulimwona beki wa miaka 20 aliyekataa kuupoteza mpira.

Tulikuwa bado tunatazamana kelele zilipopanda tena. Safari hii zilikuwa kubwa zaidi, na juu yake kukawa na honi ya bodaboda isiyokoma. Krosi ya Shaqiri kutoka kushoto, kichwa cha Wijnaldum, dakika ya 56. Ngoma droo, mabao 3 kwa 3 kwa jumla.

Hapo shemeji alisema jambo ambalo wengi walilisoma magazetini kesho yake, ila yeye alilitoa kichwani. Tarehe 25 Mei 2005, Istanbul, Liverpool wakiwa nyuma 3 kwa 0 dhidi ya Milan, Gerrard alifunga dakika ya 54 na Šmicer dakika ya 56. Dakika zile zile. Mechi hiyo ndiyo iliyomfanya awe shabiki, akiwa kijana wa shule, na dakika hizo anazijua kama tarehe za kuzaliwa za wanawe. Mimi sioni ndani yake zaidi ya bahati ya namba. Yeye aliona timu yake ikipita mahali inapopajua.

Sasa bao la nne, ambalo ndilo lenye ushahidi wote.

Dakika ya 79 Liverpool walipata kona upande wa kulia. Kijana wa kuokota mipira, wa miaka 14, aliurudisha mpira papo hapo. Hilo halikuwa jambo la hivi hivi. Ilielezwa baadaye kwamba watu wa Liverpool wa kuchambua video walikuwa wameona kuwa Barcelona huchelewa kujipanga mpira unapotoka, na vijana wale wakaambiwa wawe wepesi. Alexander-Arnold akauweka mpira, akaanza kuondoka akimwachia Shaqiri. Kwenye skrini yetu alikuwa amekwisha kupiga hatua zake za kuondoka, mgongo kwa mpira, na ndipo mtaa ukalipuka.

Hakuna bao unaloweza kulitarajia mpiga kona anapoondoka. Akili inakataa. Shemeji alikataa kwa nusu sekunde, kisha akapiga kelele ya kwanza ya usiku ule: "Anadanganya!" Alexander-Arnold akageuka, akaupiga chini haraka, na Origi, mtu pekee aliyekuwa akiutazama mpira pale kati, akaukunja mguu na kuutuma wavuni. Mabeki wa Barcelona walikuwa wamegeukia kwingine, baadhi yao wakipangana kwa mikono. Hata warushaji wa matangazo nusura wapitwe. Nimewauliza watu kadhaa waliokuwa kibandani waliona nini. Wengi wanakiri kwamba walikuwa wakizungumza au wakitazama simu, wakashtuka mpira uko ndani. Ni haki yao kuuita muujiza, maana hawakuuona mwanzo wake. Sisi tulikuwa tumeonywa na makelele yao wenyewe.

Mlango wa chumbani ukafunguka. "Watoto wamelala na kesho ni shule," dada akasema. Shemeji akamwonyesha matokeo kwa kidole bila kusema neno. Dada akasoma 4 kwa 0, akavuta stuli, akakaa nasi hadi kipenga cha mwisho, dakika chache kabla ya saa sita usiku. Yeye si mtu wa mpira. Lakini jina la Origi analijua, na kila nyumba ya Nairobi yenye mtu wa mpira inalijua.

Divock Origi alizaliwa Ostend, Ubelgiji, tarehe 18 Aprili 1995. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, na akacheza soka ya kulipwa huko Ubelgiji, akiwemo kwenye kikosi cha Genk kilichotwaa ligi mwaka 1999. Baba yake mdogo au mkubwa, vyovyote ukoo unavyomhesabu, ni Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyochukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kombe la bara lililonyanyuliwa hapa hapa Nairobi, Kasarani. Kwa hiyo mtaa uliposhangilia bao la nne, hata mashabiki wa timu pinzani walikuwa na sababu ya kushangilia. Origi alicheza kwa Ubelgiji, akafunga Kombe la Dunia la 2014 dhidi ya Urusi, na hakuna wa kumdai lolote. Lakini jina ni letu, na lilitamkwa vizuri zaidi Umoja kuliko Anfield.

Na tazama alikotoka msimu ule. Msimu uliotangulia alikuwa amepelekwa Wolfsburg kwa mkopo. Aliporudi alikaa benchi miezi, akaitwa tarehe 2 Desemba 2018 mechi ya Everton ikiisha, akafunga dakika ya 96. Dhidi ya Newcastle aliingia na kufunga la ushindi dakika ya 86. Mabao manne dhidi ya Barcelona yalifungwa na wawili, Origi na Wijnaldum, na hakuna aliyekuwa chaguo la kwanza siku ile. Salah alikuwa jukwaani na fulana yake nyeusi. Timu inayotegemea miujiza haina watu wa akiba walio tayari kiasi hicho.

Kuna hoja mbili zinazopinga ninayoyasema, na zote ni za kweli kwa sehemu yake.

Ya kwanza ni kwamba Barcelona walijiangusha wenyewe. Tarehe 10 Aprili 2018 walikwenda Roma wakiwa wameshinda 4 kwa 1 nyumbani, wakafungwa 3 kwa 0 na kutolewa robo fainali. Kocha alikuwa yule yule, Ernesto Valverde, na wachezaji wengi walikuwa wale wale. Bila shaka hofu hiyo ilisafiri nao hadi Anfield. Lakini hofu ya mpinzani haifungi bao. Lazima awepo mtu wa kuibana hadi itoe kosa, kama Mané alivyombana Alba.

Ya pili ni umati, na hapa mimi na shemeji hatukubaliani hadi leo. Yeye, kwa kuwa alitazama sauti ikiwa chini, anasema umati hauna bao. Mimi nimeirudia mechi ile kwa sauti kamili. Kila Barcelona waliposhika mpira uwanja mzima ulipiga miluzi, na pasi zao zilianza kuharakishwa bila sababu tangu dakika za mwanzo. Kumtazama mtu akicheza bila kusikia anachokisikia ni kukosa nusu ya shinikizo lake. Katika hili kibanda kiliwahi kujua jambo ambalo sebule haikulijua: kwamba kelele nazo ni kazi, na waliokuwa Anfield waliifanya.

Kesho yake Kirinyaga Road mambo yaligeuka. Mikeka mingi ya kubeti ilikuwa imechanika, maana walioiweka Barcelona walikuwa wengi. Jirani mmoja, shabiki wa Arsenal, alimpongeza kwa moyo mweupe akasema, "Mungu wenu jana alikuwa macho, mzee." Shemeji alimjibu kwa swali: kona ya mwisho ilianzaje? Yule bwana hakujua. Shemeji akachukua boksi tupu la plagi likawa goli, nati ikawa mpira, akamwonyesha palepale juu ya kaunta, tangu kijana wa kuokota mipira hadi mguu wa Origi, wateja wakisubiri. Nilielezwa kwamba alilirudia onyesho hilo mara nyingi wiki ile, na kwamba nati hiyo hakuiuza.

Jumatano usiku Tottenham nao walipindua matokeo huko Amsterdam, Lucas Moura akifunga matatu dhidi ya Ajax. Victor Wanyama, nahodha wa Harambee Stars wakati huo, alianza mechi hiyo na kupumzishwa mapumzikoni. Kwa hiyo fainali ya Madrid ya tarehe 1 Juni iliangukia Sikukuu ya Madaraka, nahodha wetu akiwa benchi la Tottenham na mtoto wa Okoth akiwa benchi la Liverpool. Safari hii shemeji alishuka kibandani, akiwa na jezi, kwa sababu hakuwa tena na cha kukimbia. Salah alifunga penalti dakika ya 2, na Origi, aliyeingia kutoka benchi, akamaliza dakika ya 87 kwa mguu wa kushoto baada ya kona ambayo haikuondolewa na pasi ya Matip. Ukimuuliza shemeji kuhusu bao hilo atakueleza kwa ufasaha, lakini anakiri kwamba aliliona kwenye marudio. Lilipoingia, watu wa mbele walikuwa wamekwisha kusimama.